Kilo Mbili za Mzee Unyoya

Benchi letu liko nyuma ya soko la Alhamisi hapa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa. Limeegemea ukuta wa kiwanda cha nguo ambacho hakijafuma hata leso tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Tunakaa hapo asubuhi ya soko mpaka kengele ya kanisa ya saa sita, maana huku kwetu saa sita ikigonga hata uliyemkaba shati unamwachia, kila mtu akale kwake. Mimi ndiye mleta birika, na hapo kijiweni jina langu ni Birika. La ubatizo wamelisahau na sina haraka ya kuwakumbusha. Kahawa yangu nusu yake ni mzizi wa chikori uliokaangwa, kama walivyokunywa mama zetu, na anayesema hiyo si kahawa hajalazimishwa kunywa. Alhamisi ninayoisimulia kulikuwa na ajenda moja tu. Mzee Anselme, tunayemwita Unyoya, alitakiwa kupanda mizani ya hospitali Jumatatu. Daktari alishamwambia: bila kuongeza kilo mbili hapasuliwi kuwekewa nyonga ya bandia. Bila nyonga hapandi ngazi za ghorofa ya tatu, na asipopanda ngazi mwanawe amekwisha mshikia nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Dunkerque, chumba kinachotazama maegesho ya magari. Unyoya amekaa kwenye ghorofa ile tangu alipooa, na mkewe amefia humo. Hataki kuhama. Kwa hiyo kijiwe kizima kilikuwa kinamletea vyakula vya afya kwa zamu, wiki mbili mfululizo, na wiki mbili hizo suruali ilizidi kumvuka.

Wa kwanza kufungua mdomo, kama kawaida, alikuwa Régis, jina la kijiwe Vitamini. Amestaafu posta, na miaka yote ya kazi alikuwa anasoma magazeti ya afya ya watu kabla hajawapelekea.

VITAMINI: Tatizo ni moto. Huyu mzee anapika vitu. Ukipika karoti umeshaiua, unakula maiti. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbichi. Hawakusema mchemshe.

MEYA: Walikuwa wanazungumzia watoto, Régis.

VITAMINI: Watoto hawaliwi, Ghislaine. Walikuwa wanazungumzia samaki.

Meya ni huyo Ghislaine. Aliuza mboga soko hilihili mpaka magoti yalipomgomea, na hakuna mtaa ambao hajui nani kafanya nini, ndiyo maana tukamchagua bila kupiga kura. Pembeni yake alikaa Kazimir, mjukuu wa Wapolandi waliochimba makaa ya mawe. Urithi alioachiwa na babu zake ni kupenda giza. Chini ya nyumba yake kuna chumba, humo ndimo anamoishi kwa moyo wake wote, na sisi tunamwita Handaki.

HANDAKI: Nyie mnazunguka tu. Kula vizuri bila hela ni rahisi, unachohitaji ni giza. Mimi naokota mizizi ya chikori iliyobaki shambani, naizika kwenye mchanga kule chini, nafunika na magunia. Baada ya wiki kadhaa inatoa vichwa vyeupe vya majani, vigumu, ukikivunja unasikia kah. Mchumia juani hulia kivulini. Mimi nachumia kivulini kabisa, sasa niambie nani mjanja.

MEYA: Na unakula wapi?

HANDAKI: Kivulini vilevile. Jua sijaliona tangu Oktoba.

MEYA: Inaonekana.

HANDAKI: Muulize Unyoya. Juzi nimempelekea vichwa sita. Si vilikuwa vitamu, mzee?

UNYOYA: Vizuri sana. Asante, Kazimir.

HANDAKI: Ulivila vibichi?

UNYOYA: Vimekwisha vyote.

VITAMINI: Si unaona? Vibichi vinapita kwa kasi.

Unyoya akatabasamu, meno yote meupe yamejipanga, akaishika kofia yake magotini kwa mikono miwili. Alikuwa mfumaji, na vidole vyake haviwezi kukaa bure. Hapo vilikuwa vinauchezea mshono wa kofia. Nikamjazia kikombe. Kahawa ndiyo kitu pekee nilichomwona akikishughulikia kwa bidii.

MEYA: Mimi sayansi yangu inajulikana. Ukitaka kula vizuri na mfuko umetoboka, njoo sokoni saa sita kasorobo. Sio mapema, utauziwa. Sio baadaye, wazoa taka wameshafika. Kasorobo. Wenyewe wanapakia magari, wamechoka, wanaacha kreti. Hapo unainama. Na usichukue vya juu.

VITAMINI: Kwa nini?

MEYA: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tufaha lililoko chini kabisa ya kreti limetembea lini? Halijatembea popote. Basi ndilo zuri.

HANDAKI: Lakini lile lingine si ndilo limejiuza?

MEYA: Kazimir, usiniharibie methali. Nimefanya kazi soko hili miaka yote wewe ukiwa chini ya ardhi.

Hapo Vitamini akakumbusha habari ya yule dada wa manispaa. Mwezi uliopita ofisi ya afya ilituletea mtaalamu wa lishe kwenye ukumbi wa mtaa, binti mpole, na kikapu cha matunda ya plastiki. Nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya mwanamke anacheka na bakuli la majani. Alitufundisha namna nzuri ya kukata parachichi. Meya akanyoosha mkono akauliza parachichi hupatikana kreti ya nani. Binti akasema hata samaki wa maji baridi ni mzuri sana kwa moyo, yule wa rangi ya waridi. Meya akanyoosha tena mkono akauliza swali lilelile. Tulimpigia makofi kwa sababu alikuwa amekuja na baridi yote ile.

VITAMINI: Alichosahau yule binti ni karanga. Karanga za jozi, zile zenye gamba kama mfupa. Ukila jozi kumi kwa siku umekula ng'ombe. Nimemchagulia Unyoya mfuko mzima, ngumu zote, maana jozi laini imeoza. Umezimaliza, mzee?

UNYOYA: Hata moja haikubaki.

MEYA: Na karoti zangu?

UNYOYA: Zimeliwa siku ileile.

MEYA: Na ule mkate wa ngano nzima? Ule wa juzi, wenye ganda?

UNYOYA: Ganda lote, Ghislaine. Makombo yote.

Tukatazamana. Mtu kala ng'ombe, kala chikori ya Poland nzima, kala mkate unaoweza kujengea ukuta, na bado ukimshika bega unaogopa litakubakia mkononi. Mimi nilishikwa na wasiwasi wa kweli, lakini wasiwasi kijiweni haukai peke yake dakika moja, lazima upewe nadharia.

HANDAKI: Ni zile ngazi. Anakula chini, anaunguza akipanda. Akifika ghorofa ya tatu ana njaa kuliko alipoanza.

MEYA: Basi akalie chakula juu.

HANDAKI: Juu hewa nyepesi. Na chakula kinakuwa chepesi.

MEYA: Ghorofa ya tatu, Kazimir, sio mlima.

HANDAKI: Kwangu mimi ni mlima.

VITAMINI: Mimi namshuku mwenye mizani. Hospitali imebakiwa na nyonga chache, inazibania. Mizani inakuambia uko mwepesi, unarudi nyumbani, nyonga inabaki kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako.

MEYA: Nguoni. Umesema neno. Jumatatu avae nguo tatu tatu.

VITAMINI: Wanamvua.

MEYA: Wanamvua mzee wa watu baridi hii?

VITAMINI: Mpaka soksi. Ila maji hawawezi kumvua. Lita moja ni kilo moja. Anywe lita mbili pale mlangoni, aingie, apande, apimwe, asante, kwaheri. Haba na haba hujaza kibaba.

HANDAKI: Na akibanwa mkojo kwenye foleni?

Vitamini akafikiri kidogo. Kwa kweli foleni ya pale hospitali inajulikana.

VITAMINI: Basi dawa ni ngozi. Mwili una matundu mangapi? Mengi. Sasa kwa nini tunatumia moja tu? Achemshe kabichi, asiile, aloweke miguu. Inapanda yenyewe. Mbona mti haunywi kwa mdomo?

MEYA: Umesema ukichemsha inakufa.

VITAMINI: Inakufa kwa anayekula. Kwa miguu ni habari nyingine.

HANDAKI: Mimi sikubaliani. Mimi naona ni macho. Anakula huku anajua ni vitu vya kuokota, tumbo linanyong'onyea. Angekula gizani, tumbo lisingejua.

MEYA: Hapo umenifungua akili, Kazimir. Ni heshima. Mwenye hela anakula kijiko kimoja kwenye sahani kubwa, ananenepa. Kwa nini? Kalipa. Mwili unaheshimu bei. Tutafute mifuko ya lile duka la karibu na kituo cha treni, lile lenye mlinzi aliyevaa tai, tutie humo karoti zetu. Tumbo likiona mfuko litashtuka, litashika kila kitu.

VITAMINI: Tumbo haliwezi kusoma.

MEYA: La maskini haliwezi, halijazoezwa.

Unyoya alikuwa anasikiliza kila mmoja kwa zamu, anageuza kichwa kama mtu aliyealikwa harusini na hajui yuko upande wa nani. Mara mbili alivuta pumzi ya kusema kitu. Mara ya kwanza Vitamini alikuwa katikati ya kabichi, mara ya pili Meya alikuwa anaelezea mifuko. Akainywa pumzi yake pamoja na kahawa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa soko, anavuta kikapu cha magurudumu, mkate mrefu umechungulia juu. Hatukuwa tunamjua. Alivaa koti la kijani lililofungwa mpaka kidevuni, na alikuja moja kwa moja mbele ya Unyoya.

— Bwana Anselme, habari za asubuhi. Samahanini jamani. Mimi ni Nedjma, nimehamia jengo lake mwezi huu, ghorofa ya pili. Nimekurudishia mfuko wako.

Akatoa mfuko wa kitambaa wenye kamba ya buluu. Meya akauangalia ule mfuko, na mimi nikamwona anavyouangalia. Aliushona mwenyewe.

NEDJMA: Na watoto wanauliza kama zile jozi zipo nyingine. Wanazivunja kwa mlango, kelele tupu, lakini bora wale hizo kuliko peremende.

Vitamini akaweka kikombe chini.

VITAMINI: Jozi zipi?

NEDJMA: Zile anazotuletea. Na karoti. Na ile mboga nyeupe yenye uchungu kidogo. Mwanangu mkubwa alikuwa anaitema, sasa anaitafuna kama sungura.

HANDAKI: Chikori yangu inatafunwa na nani?

NEDJMA: Kumbe ni nyinyi? Basi Mungu awabariki. Mimi na kazi ya zamu sikujua ningewapa nini wiki hizi. Jumatano walimu wa shule wamesema watoto wana rangi nzuri.

Ningependa kusema tulifurahi. Watu watatu waliosimama kumtetea maskini ale vizuri waligundua kwamba maskini wamekula vizuri, na wakakasirika.

MEYA: Anselme. Tunakulisha wewe au tunalisha jengo?

UNYOYA: Wana afya sana wale watoto, Ghislaine. Ukiwaona.

HANDAKI: Nimetambaa gizani kwa ajili ya nyonga yako, mzee. Nimetambaa.

VITAMINI: Na mimi nazichagua moja moja, nazigonga sikioni. Ngumu zote. Kumbe nazigongea watoto wa watu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MEYA: Hiyo imeingiaje hapo?

VITAMINI: Haijaingia. Nimekasirika tu.

MEYA: Jumatatu hii, Anselme. Jumatatu. Unataka kwenda kutazama magari Dunkerque? Kama unataka sema, tuache kujisumbua.

Kofia ilikuwa inazunguka vidoleni mwa Unyoya. Yule mama akatutazama sisi, akamtazama yeye, akakiegesha kikapu chake na kukaa pale pembeni ya benchi bila kukaribishwa, maana tulikuwa tumesahau adabu.

NEDJMA: Samahani, sikujua habari ya mizani. Yeye aliniambia amepewa vingi na amekwisha shiba. Lakini mbona chakula changu anakula? Jumapili nilimpelekea supu. Bakuli lilirudi limelambwa, nikadhani ameliosha.

VITAMINI: Supu ya nini?

NEDJMA: Ya kila kitu. Naiacha motoni kwa saa mbili mpaka inalainika, kisha naiponda.

VITAMINI: Saa mbili. Hapo hakijapona kitu.

Meya akamwambia nyamaza, na Vitamini, kwa mara ya kwanza tangu aache posta, akanyamaza alipoambiwa.

NEDJMA: Nauliza tu, msinielewe vibaya, mimi mgeni hapa. Nyinyi mnakaa naye kila mara. Mara ya mwisho mlimwona akitafuna kitu ni lini?

Handaki akasema ile siku ya kome, mwezi wa tisa, tulikula sote pale barazani kwa Meya. Meya akatikisa kichwa polepole. Siku ya kome Unyoya alikunywa mchuzi, nyama yake ya kome ilibaki kwenye magamba, na Meya alimtania kwamba anadeka. Mimi nikarudi nyuma mpaka Krismasi. Nikaona mkono wake unachovya keki kwenye kahawa. Nikarudi mpaka siku ya maziko ya mkewe. Nikaona anachovya mkate. Nilijaribu kwa bidii kumwona akiuma kitu na sikuweza.

UNYOYA: Yanacheza.

MEYA: Nini kinacheza?

UNYOYA: Meno. Yalitengenezwa nilipokuwa na mwili. Nimekonda na ufizi nao umekonda. Nikiuma karoti yanabaki kwenye karoti.

HANDAKI: Lakini si hayo umeyavaa?

UNYOYA: Haya ni ya kuongelea. Nikifika nyumbani nayatoa.

VITAMINI: Na daktari wa meno amesema nini?

UNYOYA: Amesema ninenepe kwanza. Sasa hivi akichukua kipimo yatakuja kunibana nikinenepa.

Nimeshasikia mengi ya ofisi za nchi hii, lakini hili lilikuwa jipya. Mwenye mizani anataka ale ndipo apasuliwe, mwenye meno anataka anenepe ndipo ale, na sisi katikati tunamletea jozi tulizozigonga sikioni kuhakikisha ni ngumu.

MEYA: Anselme, kwa nini hukutuambia? Wiki mbili.

UNYOYA: Mlikuwa mnaongea.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na kwangu ikauma zaidi kwa sababu hiyo.

UNYOYA: Na bila meno maneno yananimwagika, hayasikiki. Nyinyi mkianza kubishana hamsubiri mtu. Nikasema bora niyavae, nikae na nyinyi.

Kengele ya kanisa ikagonga saa sita. Sokoni walikuwa wameshapakia, kreti zimeachwa chini, na saa ya Meya, ile kasorobo aliyoisifia asubuhi nzima, ilikuwa imempita. Meya hakuinuka. Handaki hakuinuka. Nyumbani kwangu mke wangu alikuwa ameshaweka sahani, na anajua sijawahi kuchelewa.

Nedjma akauvunja ule mkate wake mrefu, akachimba sehemu laini ya ndani, nyeupe, akaiweka kwenye leso safi juu ya magoti ya Unyoya.

NEDJMA: Yatoe, Bwana Anselme. Hapa hakuna mtu mwenye meno mazuri.

Ilikuwa kweli, na Handaki akafunga mdomo wake. Unyoya akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageukia ukuta wa kiwanda, mgongo kwetu, akayatoa, akayafunga kwenye kitambaa, akayatia mfuko wa ndani wa koti. Alipogeuka uso ulikuwa umeingia ndani na amezeeka miaka kumi. Meya akatazama viatu vyake. Nikainamisha birika na kumimina yote iliyokuwamo. Akachovya mkate, akaula. Akachovya tena. Alikula kwa kasi, kichwa chini, kahawa ikamchuruzika kidevuni na yeye hakuijali. Nilitambua kwamba huyu mtu alikuwa na njaa, njaa ya kawaida kabisa, na alikuwa nayo hapo katikati yetu asubuhi zote zile.

HANDAKI: Mama, ile chikori, ukiichemsha saa mbili, inalainika?

NEDJMA: Inalainika. Ukitia na kiazi inapoteza uchungu.

HANDAKI: Basi nitaleta leo. Ninavyo vingi kule chini.

MEYA: Na jozi zipondwe. Kinu ninacho. Régis, wewe utaponda.

VITAMINI: Nitaponda.

Unyoya akamaliza mkate wote, akaikunja leso, akaweka kikombe kitupu magotini. Akasema kitu. Kilitoka kimelowa, hakina kingo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika neno.

Vitamini akasogea karibu naye. Tukamsubiri mzee aseme tena.